Pwani isiwe karafuu ya pili

Siku za bamvua, maji yakishakupwa, wanawake wa Paje hushuka baharini na kamba, vigingi na magunia matupu. Hutembea mbali mpaka kwenye mashamba ya mwani, na huinama huko hadi maji yaanze kurudi. Juu ya vichwa vyao huwa kuna tiara za rangi, kubwa kama tanga la ngarawa, na chini ya kila tiara yupo kijana wa Kizungu aliyesimama juu ya ubao akivutwa na upepo. Nimewatazama mara nyingi wakipishana. Mmoja amepanda ndege kuufuata upepo wa kusi. Mwengine kazaliwa nyuma ya minazi ile pale. Ada ya somo moja la tiara inaweza kupita fedha anazopewa mkulima kwa gunia zima la mwani mkavu. Bahari yao ni moja, na siku inaweza kuchwa bila ya shilingi kutoka mfuko wa mmoja kuingia mkononi mwa mwenziwe.

Wakubwa wanapozungumzia kupanua utalii wa Zanzibar, hesabu huanzia kwenye vyumba vya hoteli, ndege na vichwa vya wageni. Mimi ningeianzia hapo mchangani, baina ya tiara na gunia.

Nina sababu, na sababu yenyewe ni mti. Karafuu ililetwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, Seyyid Said akahimiza ipandwe kwa nguvu, kwa jasho la watumwa, mpaka Unguja na Pemba zikawa ndizo zinazoilisha dunia karafuu. Aprili 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo mgongoni. Majumba ya Michenzani na televisheni ya rangi ya miaka ya 1970, ya mwanzo Afrika kusini mwa Sahara, ni kumbukumbu ya siku ambazo karafuu ilikuwa na bei. Lakini mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako hutiwa ndani ya sigara, na Indonesia ikaamua kupanda mikarafuu yake mwenyewe. Ilipoanza kujitosheleza, katika miaka ya 1980, bei ikaporomoka. Wazee wa Pemba wanaokumbuka miaka ile hawahitaji mchumi wa kuwaeleza maana ya kutegemea kitu kimoja kinachonunuliwa na mtu mmoja.

Mlango wa utalii ulifunguliwa katika dhiki hiyo. Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Rais wa Zanzibar kati ya 1984 na 1985, alianza kulegeza biashara. Mwaka 1986 ikaja sheria ya kuwalinda wawekezaji, na 1992 ikaundwa Kamisheni ya Utalii. Leo mwanawe, Dk. Hussein Ali Mwinyi, ndiye Rais, na neno la siku ni Uchumi wa Buluu. Baba alifungua mlango kwa sababu karafuu imeanguka. Mtoto anaongoza visiwa ambavyo utalii wenyewe, kwa hesabu ambazo serikali huzitaja, unabeba karibu theluthi ya pato.

Idadi ya wageni inapendeza kuisoma. Mwaka 2019 walikuja zaidi ya 538,000. Mwaka 2023 walipita 638,000, na 2024 wakapita 736,000, katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 1.89. Ni kama mgeni mmoja kwa kila wenyeji wawili na nusu. Ila katikati ya namba hizo umefichika mwaka 2020, idadi iliposhuka mpaka wageni 260,000 hivi. Wapishi wakarudi kuvua, madereva wa wageni wakarudi kubeba abiria wa shamba, na mwenye duka la vinyago Nungwi akawa anafungua mlango ili apitishe hewa tu.

Wengi wa walioziba pengo lile baadaye walitoka Urusi, Ukraine na Poland, kwa ndege za kukodi. Ikaonekana dawa imepatikana. Februari 2022 vita vikaanza, na mamia ya Waukraine wakakwama katika hoteli za Unguja, wasiweze kurudi kwao. Kabla yao soko letu kubwa lilikuwa Italia. Kule Kiwengwa mpaka leo utawakuta vijana wanaozungumza Kitaliana vizuri kuliko Kiingereza, na Kitaliana hicho wamekiokota ufukweni. Kubadilisha mnunuzi kunasaidia, lakini bidhaa imebaki ileile: mchanga mweupe, jua, na kitanda kinachotazama maji. Fukwe za namna hiyo zipo Maldivi, zipo Morisi, zipo Diani na Watamu, na mwenye ndege ya kukodi anaweza kugeuza pua yake msimu ujao akenda huko.

Tuseme basi wageni hawatakoma. Fedha zao zinakwenda wapi? Utafiti wa mwaka 2010 uliofuata mnyororo wa thamani wa utalii Zanzibar ulikadiria kwamba kama asilimia 10 tu ya mapato ndiyo yaliyowafikia wenyeji maskini. Tangu hapo hoteli zimeongezeka, lakini mtindo wa kulipia kila kitu kabla ya safari haujaondoka. Mgeni anafungwa mkanda mkononi, anakula ndani, anakunywa ndani, anachezewa ngoma ndani, na anapelekwa uwanjani kwa basi la kampuni iliyomleta. Ukimuuliza jina la kijiji alicholala wiki nzima atakutajia jina la hoteli.

Nenda Malindi bandarini asubuhi utazame vinavyoshushwa: nyanya, viazi, vitunguu, karoti, mayai, kutoka Tanzania Bara. Sina ugomvi na mkulima wa Lushoto, naye ana watoto. Ila visiwa vyenye mvua mbili kwa mwaka, vyenye bonde la Cheju na mashamba ya Kizimbani na Dole, vingeweza kuilisha meza ya mgeni zaidi ya vinavyoilisha sasa. Mkuu wa jiko hoteli ana hoja zake, na ukimsikiliza utamwelewa. Anataka kilo zilezile, ubora uleule, kila Jumatatu na kila Alhamisi, pamoja na risiti. Mkulima mmoja mwenye matuta kumi hawezi kumpa hivyo. Yeye anataka fedha taslimu siku ileile, na hoteli hulipa baada ya mwezi, pengine miwili. Kati ya hawa wawili panahitajika mtu wa tatu: chama cha ushirika chenye chumba cha baridi, gari, daftari la oda, na akiba ya kumlipa mkulima wakati hoteli haijalipa. Jambo hili ni la kuchosha, halina utepe wa kukata, na hakuna kiongozi atakayepigwa picha mbele ya kreti za bilingani. Ndilo ningelianza nalo.

Maji nayo yaingizwe kwenye hesabu. Mtafiti Stefan Gössling, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja, alikadiria kuwa mgeni mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku, ukijumlisha bustani, mabwawa ya kuogelea na usafi wa vyumba. Mwanamke wa shamba anayebeba ndoo za lita 20 atahitaji safari zaidi ya 34 kuyafikisha hayo. Kisiwa cha matumbawe hunywa maji yaliyo chini ya jiwe, na ukiyavuta kupita kiasi bahari huingia, kisima kikawa cha chumvi. Kila chumba kipya Nungwi au Matemwe kinachimba kisima hichohicho. Kwa hiyo mtu akiniambia tupanue utalii kwa kuongeza vyumba ufukweni, humuuliza kwanza maji atayatoa wapi.

Yapo yaliyofanywa tofauti, na hayapo mbali. Msitu wa Jozani umebeba kima punju, ambaye hapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar. Jina lake lenyewe linakwambia walivyomwona wenyeji zamani: punju ni sumu. Alikuwa akiharibu mazao, na bado huyapenda. Hula hata makaa ya tanuri, inasemekana ili kupunguza makali ya majani ya mikungu na miembe anayokula. Jozani na ghuba ya Chwaka vilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, vijiji vya pembeni vilikuwa vimeshaanza kupata sehemu ya viingilio. Kima yule anayekula majani ya mwembe wako anaanza kuvumilika siku unapojua ametia kitu katika mfuko wa kijiji. Lawama hazijakwisha, na sehemu ya kijiji haitoshi kila mtu. Lakini kanuni ipo, imeandikwa, inaweza kudaiwa.

Chumbe ni hadithi nyengine. Kisiwa hiki kidogo kusini ya mji kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na miamba yake ilibaki salama kwa sababu njia ya meli na eneo la jeshi viliwazuia watu kuvua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mjerumani Sibylle Riedmiller alishinikiza kigeuzwe hifadhi ya bahari, mojawapo ya za mwanzo duniani kuendeshwa na watu binafsi. Nyumba za wageni ni saba tu. Maji ni ya mvua, yanakingwa na mapaa, na vyoo havimwagi kitu baharini. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi, waliokuwa wakiyajua yale matumbawe kabla ya mtaalamu yeyote. Na watoto wa skuli za Unguja hupelekwa kuyaona yaliyo chini ya maji. Watu wa bara hushangaa nikiwaambia kwamba watoto wengi wa visiwani, hasa wasichana, hawajui kuogelea. Mgeni anayelipa kwa dola kulala Chumbe ndiye anayemlipia mtoto huyo safari yake. Vyumba saba haviwezi kuendesha nchi, najua. Hata hivyo Chumbe imeshasimama miaka zaidi ya 30, na hoteli zilizojengwa kwa mbwembwe wakati ule ziko wapi leo?

Sio kila kilichobuniwa nje ya mchanga kimekwenda vizuri. Kizimkazi, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, wavuvi zamani waliwaua pomboo wakawafanya chambo cha papa. Utalii ulipoingia katika miaka ya 1990 pomboo akawa na thamani zaidi akiwa hai, na hilo ni jema lisilopingika. Kisha boti zikawa nyingi, kila nahodha akitaka mgeni wake aruke majini karibu zaidi kuliko mgeni wa jirani. Watafiti wameonyesha kwamba pomboo wanaozongwa hivyo hupumzika kidogo kuliko kawaida yao. Wanavijiji hawakukosea kuanzisha biashara. Walichokosa ni mtu wa kusema boti ngapi, umbali gani, saa ngapi, na kumrudisha pwani anayevunja. Kitu kipya bila ya kanuni huwa cha zamani haraka.

Mji nao una vyake. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na siku ya Krismasi ya 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ikaanguka na kuua watu wawili. Jumba lile lilikuwa sura ya Zanzibar katika kila kadi ya posta. Tumekuwa hodari wa kuuza picha ya mji kuliko kutengeneza mabomba na paa zake. Halafu kuna mambo ya mji ambayo mgeni wa ufukweni hayasikii kabisa. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu iliyoanza mwaka 1905, bado iko hai. Tamasha la muziki la Sauti za Busara huijaza Ngome Kongwe karibu kila Februari tangu 2004, na tamasha la filamu limekuwepo tangu miaka ya 1990. Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa, ana makumbusho Shangani tangu 2019. Abdulrazak Gurnah, aliyekulia mjini humu na kupata Nobeli ya Fasihi 2021, anastahili naye matembezi ya mitaani, yakiongozwa na kijana aliyevisoma vitabu vyake badala ya papasi, mtembeza wageni wa mitaani, anayekariri habari za Sultani alizozisikia kwa papasi mwenziwe. Utalii wa namna hii haumalizi maji, na masika hauuzuii. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hufunga na kuwarudisha wafanyakazi nyumbani. Mvua hainyeshi ndani ya ukumbi wa taarabu.

Majirani zetu wa Bahari ya Hindi wametangulia katika baadhi ya haya. Maldivi, nchi ya Waislamu kama sisi, iliwafungia watalii katika visiwa visivyokaliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2009 ikawaruhusu wenyeji kufungua nyumba za wageni katika visiwa vyao wenyewe. Kijiji kama Maafushi kikabadilika. Wakatenga sehemu ya ufukwe kwa wageni wa mavazi ya kuogelea, na mitaani kila mtu akavaa kwa heshima. Hapa tumebaki kugombana na mgeni aliyevaa chupi Darajani na kumtoza faini. Shelisheli, nchi yenye jina moja na tunda tunalolila na nazi mwezi wa Ramadhani, imehifadhi biashara ya nyumba ndogo za wageni kwa raia wake. Morisi ilikwenda mbali zaidi: ikatoka kwenye miwa, ikashona nguo, ikapokea watalii, ikafungua mabenki, na kila kimoja kikawa tegemeo chengine kikiyumba. Sisi tumetoka kwenye karafuu tukaingia kwenye utalii, na ile karafuu tukaiacha izeeke.

Nirudi kwa wakulima wa mwani. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, na limewapa kazi zaidi ya watu 20,000, wengi wao wanawake. Mwani hukaushwa, hufungwa, hupelekwa nje, huko hutolewa kiini cha kugandishia dawa ya meno na malai, na wenye viwanda ndio wanaochuma. Bahari ilipoanza kupata joto, aina yenye bei nzuri ikawa inaoza kwenye kamba, na iliyobaki ni ile ya bei ya chini. Baadhi ya wanawake wakaacha. Wengine, kama kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti, wakajifunza kuusaga na kutengeneza sabuni. Paje napo kina mama wanatengeneza sabuni na mafuta ya mwani, mgeni anapelekwa shambani maji yakikupwa, anaonyeshwa namna ya kufunga mche kwenye kamba, anarudi amelowa na kununua. Jambiani wachache wamefundishwa kulima sponji za baharini, hizo za kuogea. Sabuni moja mkononi mwa mgeni inalipa kuliko kilo ya mwani kwa mnunuzi. Hoteli zilizopo Unguja zina bafu maelfu kwa maelfu, na kila bafu lina kipande cha sabuni. Kuifanya sabuni ya kisiwa iwe sharti la leseni, taratibu na kwa kiwango kinachokubalika, kungewafikia wanawake hawa haraka kuliko kongamano lolote.

Pemba ndiyo mtihani wenyewe. Ndege zinazotua huko ni ndogo, na wageni wake ni sehemu ndogo tu ya wale wa Unguja. Ina msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi, ina magofu ya Pujini yanayohusishwa na Mkame Ndume, ina mchezo wa ng'ombe, na ina mkondo wa bahari wenye kina ambao wapiga mbizi huuota. Ina Misali, kisiwa ambacho wavuvi na wahifadhi wamejadiliana kwa miaka mingi nani avue wapi. Na bado ina harufu ya karafuu ikianikwa barabarani kwenye majamvi, kitu ambacho Unguja mgeni huoneshwa kwenye shamba la viungo kwa nusu saa kabla ya kurudishwa kwenye basi. Familia zenye mikarafuu zingeweza kuwapokea wageni wakati wa mavuno, wakapanda mtini nao, wakachambua nao, wakala futari au chakula cha mchana jamvini. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa huwa hivyo kila Julai: mgeni hukaribishwa nyumbani, wala hakuna aliyeipanga kwa ajili ya watalii.

Kasi inanitia wasiwasi. Visiwa vidogo kadhaa vimeshakodishwa kwa wawekezaji, na siku njia ya ndege ya Pemba itakaporefushwa, kitakachokuja kwanza kitakuwa ramani ya viwanja vya ufukweni. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali tangu baada ya Mapinduzi. Maana yake mpangaji na mpangishaji wanaweza kukubaliana masharti kabla ya tofali la kwanza: njia za wavuvi kushukia pwani zibaki wazi, maji yapimwe, kiasi cha chakula kinunuliwe kisiwani, mashamba ya mwani yasisogezwe. Yakisubiri mpaka hoteli ifunguliwe, hayatasikilizwa tena. Unguja inatosha kuwa ushahidi.

Na wewe msomaji wa Dar, Tanga au Mombasa unayepanga sikukuu: shuka Mkoani kwa boti, fika Chake Chake, kisha uliza gari la kwenda Kidike. Hapo utawaona popo wa Pemba, wakubwa wenye manyoya ya hudhurungi, ambao hawapo pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa kwa kitoweo. Leo ni maelfu, na wanakijiji wenyewe ndio wanaoulinda msitu. Mchana hulala wakining'inia mitini, jioni huruka. Kiingilio hulipwa hapohapo kijijini.